Bibi Titi Mohamed na Baraza la Mabibi

Katika ukurasa huu tumezoea kusimulia maisha ya maaskofu na wamisionari waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mama mmoja Mwislamu wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma, aliyesoma hadi darasa la nne. Wako watakaouliza anatuhusu nini sisi watu wa Tingi na wa ukanda wote wa ziwa. Tunawaomba wavumilie kidogo, maana njiani watakutana na kijana wa huku huku kwetu, mtoto wa padri.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 1926. Baba yake hakupenda asome. Siku zile Waislamu wengi wa mjini waliiona shule kuwa mlango wa kumtoa mtoto katika dini yake, na tukisema kweli, shule nyingi za wakati ule zilikuwa za misheni, kwa hiyo hofu yao haikukosa sababu. Baba alipofariki, mama yake akampeleka shule ya wasichana, akafika darasa la nne. Kisha akaozwa, akiwa na umri wa miaka kama 14, kwa mtu mzima aliyemzidi umri sana. Akamzalia mtoto wa kike, na baada ya muda ndoa ile ikavunjika. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya wasichana wengi wa mjini, na wa vijijini pia.

Lakini Mungu alikuwa amempa sauti. Aliimba katika Maulidi, akawa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu msomaji asiyejua ngoma za wanawake wa Dar es Salaam hataelewa yaliyofuata. Makundi yale yalikuwa mengi, nayo hayakuwa ya kuchezacheza tu. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake, sare zake na michango yake. Mwanachama akifiwa, wenzake walifika, akiugua, walimchangia, akimwoza binti, waliijaza nyumba. Wanachama wake walikuwa wauza maandazi na vitumbua, wapika pombe, wakulima wa mashamba ya pembeni mwa mji, wake wa watu na wengi walioachika. Sisi wa ziwani tunaijua kioda yetu jinsi ilivyo na vyeo vyake na adabu zake, hata mgeni akiitazama kwa mara ya kwanza huona kama jeshi dogo la akina mama. Basi na afikiri makundi ya namna hiyo kwa wingi katika mji mmoja, kila moja na mama wake mkuu.

Wakati Bibi Titi anaimba Bomba, upande mwingine wa mji huo huo kilianzishwa chama kingine cha wanawake. Mwaka 1951 Lady Twining, mke wa Gavana Edward Twining, alianzisha Baraza la Wanawake wa Tanganyika. Baraza lile lilitangaza kuwa ni la wanawake wa rangi zote na kwamba halina siasa. Lengo lake lilikuwa kuwainua wanawake wa nchi. Mabibi wale walifundisha kusoma na kuandika, kushona, usafi wa nyumba, mapishi na malezi ya watoto wachanga.

Tusiwadharau. Mtoto aliyepona kuhara kwa sababu mama yake alifundishwa kuchemsha maji amepona kweli, hata kama mwalimu alikuwa mke wa gavana. Sisi wa pwani hii ya Nyasa hatuwezi kusahau wauguzi na walimu wa kike wa misheni, ambao wazee wetu waliwaita Bibi kwa heshima. Wengine walizeeka huku na kuzikwa huku.

Ila tuitazame Dar es Salaam ile ambayo Baraza lilikaa ndani yake. Wazungu waliishi Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala na Temeke. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikwenda Sewa Haji. Shule za watoto zilikuwa tatu tatu, ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika, na fedha zake hazikuwa sawa. Mama wa Kizungu na mama wa Kiafrika wangeweza kukutana katika klabu saa kumi jioni wakazungumza juu ya uji wa mtoto, kisha kila mmoja akarudi kwenye mtaa wa rangi yake na hospitali ya rangi yake. Jambo hilo ndilo lililoitwa siasa, na Baraza lilikuwa limeahidi kutokuwa na siasa. Kwa maoni yetu, shida yote ilikuwa hapo. Mwanamke mweusi alikaribishwa aje kufundishwa namna ya kuwa mke na mama bora. Kuulizwa ni nini kinachomuumiza, hilo halikuwa katika ratiba.

Na waliokaribishwa walikuwa wachache. Klabu zilipenda wanawake waliojua kusoma kidogo, wake wa makarani na wa walimu. Mwimbaji wa Bomba aliyeachika hakuwa mtu wa kukaa nao. Chama chetu wenyewe cha akina mama, kilichoanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, hadi miaka ya 1970 kanuni zake hazikumpokea mwanamke aliyeachika. Kanuni ile haikuuliza rangi ya mtu, iliwahusu hata Waingereza wenyewe. Lakini msichana aliyeozwa na wazee akiwa na miaka 14, asiulizwe, kisha akaachika, angeionaje?

Tusidhani mambo haya yalikuwa ya Tanganyika peke yake. Kenya nako, mwaka 1952, idara ya serikali pamoja na mabibi wa Kizungu walianzisha Maendeleo ya Wanawake, na wakati wa Hali ya Hatari klabu zake zilitumiwa kuwavuta wanawake waachane na Mau Mau. Huko Marekani, ambako wanawake walikuwa wakipigania kura kwa miaka mingi, yalitokea mabaya zaidi. Mwezi Machi 1913 yalifanyika maandamano makubwa ya wanawake mjini Washington. Viongozi walitaka wanawake weusi waandamane nyuma kabisa, wasije wakawaudhi wanawake weupe wa majimbo ya kusini. Ida B. Wells, mwandishi wa magazeti, aliyezaliwa katika utumwa, alikataa. Alisimama kando ya njia pamoja na watazamaji, na wenzake wa jimbo la Illinois walipopita akaingia katikati yao akaandamana nao. Haki ya mwanamke ilikuwa imeandikwa kwenye mabango yao, na bado palikuwa na mwanamke wa kuwekwa nyuma.

Sasa turudi kwa Bibi Titi. Yeye hakubisha hodi katika Baraza la Lady Twining, wala hakupoteza muda kugombana nalo. Mwaka 1954, TANU ilipoanzishwa, mume wake, Boi Selemani, aliyekuwa dereva wa teksi, na yeye mwenyewe walijiunga mapema sana. Kadi zao zilikuwa namba 16 na 17. Hata hivyo wanaume wa TANU nao hawakuwa wamefikiri sana habari za wanawake. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka Chama cha Leba cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Wazee wakatazamana. Wake zao walikuwa ndani majumbani. Ikabidi atafutwe mwanamke, na aliyepatikana ni Titi wa Bomba. Kwa hiyo hata wanaume wetu walihitaji kuulizwa na mgeni. Hilo nalo lazima lisemwe.

Mwezi Julai 1955 wanawake wapatao 400 walikutana katika ukumbi wa Arnautoglu, wakamchagua Bibi Titi kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU. Mwenzake mkubwa katika kazi ile alikuwa Tatu binti Mzee. Wakafanya jambo ambalo mabibi wa Baraza hawakulifikiria katika miaka yao minne: wakaenda kwa viongozi wa ngoma. Hawakuanza kwa kujenga klabu mpya. Klabu zilikuwapo tayari, zikiwa na mama zao wakuu, na sanduku la michango, na njia ya kupeleka habari kutoka nyumba hadi nyumba kabla jua halijazama. Mama mkuu mmoja akikubali, kundi zima lilikubali. Kadi zilinunuliwa kwa fedha za maandazi na za pombe.

Na hapa ndipo tunapokutana na kijana wetu. Katibu wa TANU mwaka ule alikuwa Oscar Kambona, mwana wa Padri David Kambona wa Kanisa letu, mzaliwa wa pande za Mbamba Bay, aliyeanza masomo yake Liuli. Mwezi Oktoba 1955 Kambona aliwaandikia marafiki wa chama huko London kuwaarifu kwamba sehemu ya wanawake, ambayo ilikuwa na miezi mitatu tu, imekwisha kupata wanachama 5,000, na kwamba anayeiongoza ni mwanamke mwenye elimu ndogo. Tunadhani alitaka wastaajabu. Kwa wanawake wa Kariakoo hapakuwa na cha kustaajabu, maana walimjua tangu zamani kuwa ni mtu wa kusimama mbele ya watu.

Liko jambo jingine lililowapa nguvu. Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Karani na mwalimu wa serikali waliogopa kupoteza kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi aache kufundisha Pugu mwaka 1955. Muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Hivyo wale ambao Baraza liliwaona wako nyuma ndio waliokuwa huru kutangulia, na wake wa makarani wengi walikata kadi badala ya waume zao. Bibi Titi akawa mwanamke wa pekee katika kamati ya juu ya chama. Alisafiri nchi nzima, mara nyingi pamoja na Nyerere, akihutubia mikutano ambayo wanaume walikuja kwanza kwa kutaka kuona mwanamke akisema hadharani, kisha wakabaki kusikiliza.

Mwaka 1958 palikuja mtihani mgumu. Serikali iliweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Tena ili mtu apige kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Msomaji ahesabu mwenyewe ni wanawake wangapi wa ngoma waliokuwa na darasa la nane. Wale waliokuwa wamekijenga chama wakabaki nje ya kituo cha kura. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, TANU iliamua kushiriki hivyo hivyo, na ikashinda. Ikaunga mkono wagombea wa rangi nyingine waliokubaliana nayo. Hapo ndipo walipoonekana wanawake wasio Waafrika wa namna nyingine: Barbro Johansson, mmisionari na mwalimu kutoka Sweden aliyefanya kazi Bukoba, Lady Chesham wa Iringa, na Sophia Mustafa, mama wa Kiasia. Wote watatu waliingia bungeni kwa upande wa TANU. Twawataja ili isionekane kwamba rangi ya mtu ilimfunga asiweze kufanya lingine. Mama Barbro alijifunza kuwa mwanachama katika chama kinachoongozwa na Waafrika. Kwa mtu aliyekuja nchini akiwa mwalimu, hilo ni fundisho kubwa, nalo si wengi waliolipokea.

Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata ikaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, uchukue nafasi ya sehemu ya wanawake ya TANU pamoja na lile Baraza la zamani. Bibi Titi akawa mwenyekiti. Mwezi Julai 1962 wanawake wa nchi nyingi za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaunda umoja wao, ndiyo maana tarehe 31 Julai huadhimishwa mpaka leo kuwa Siku ya Mwanamke wa Afrika. Kwa miaka 11 tu mambo yalikuwa yamegeuka: kutoka klabu ya mke wa gavana hadi mkutano wa bara zima, mwenyeji wake akiwa yule mwimbaji wa darasa la nne, ambaye sasa alikuwa pia mbunge na waziri mdogo.

Tungependa kuishia hapo, maana pangekuwa pazuri. Lakini yaliyofuata nayo ni sehemu ya maisha yake. Nchi huru ilihitaji watu wa kusoma majalada na kuandika ripoti. Taratibu nafasi za UWT zikashikwa na wanawake wenye vyeti na wake za viongozi. Semina zikarudia mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba, karibu mambo yale yale ya Baraza, ila safari hii mwalimu alikuwa mweusi. Akina mama wa ngoma wakaitwa siku za sherehe, waje kucheza uwanjani wageni wakishuka kwenye ndege. Sisi tuliofunzwa ualimu tuliyaona hayo kwa macho yetu katika miaka ya 1980: mama asiyejua kusoma, aliyewahi kuuza kadi za chama mtaa mzima, anakaa nyuma ya ukumbi huku msichana wa juzi akimfundisha kupanga matofali ya jiko. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeondoka ukaacha kiti chake, na mtu mwingine akakikalia.

Katika uchaguzi wa 1965 Bibi Titi alishindwa kiti chake cha Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililokataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi hakulikubali sharti hilo, akajiuzulu. Wengi walimwona mroho. Sisi twadhani jambo hili latazamwa vema kwa macho ya mwanamke. Waziri mwenye shahada aking'olewa hupata kazi nyingine. Mwanamke asiye na cheti, anayejua kwa uzoefu wake kwamba talaka yaweza kumfikia siku yoyote, nyumba yake ndiyo ghala lake na ndiyo mume wake wa uzeeni. Azimio halikuwa limeliwazia hilo. Haina maana kwamba Azimio lilikuwa baya. Lilizuia tamaa za wengi waliostahili kuzuiwa.

Oktoba 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa njama za kuipindua Serikali, pamoja na Michael Kamaliza aliyekuwa waziri, na maofisa wa jeshi. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hizo ni Oscar Kambona, mtoto wa padri wetu, aliyekuwa amekimbilia Uingereza tangu 1967. Ndivyo majina yale mawili, yaliyokutana katika barua ya 1955, yalivyokutana tena katika hati ya mashitaka. Kesi ilisikilizwa kwa miezi mingi kuanzia 1970, na mwaka 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alisema mpaka mwisho kwamba hakufanya kosa lile. Akiwa gerezani, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo ilimtaka mwanamume aende kwa hakimu kabla ya kuvunja ndoa. Mume wake naye alimwacha katika kipindi hicho cha kifungo.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Akakaa kimya Dar es Salaam miaka mingi, marafiki wa zamani wakimpita mbali. Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka hiyo ya 1970 hatukulisikia jina lake darasani. Tuliimba nyimbo za TANU asubuhi kwenye mstari bila kujua ni nani aliyewafundisha akina mama kuziimba mara ya kwanza. Jina lake tulilipata kwa wazee, kwa sauti ya chini. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama likamtaja tena kuwa shujaa. Hapana mtu aliyeeleza alikuwa wapi katikati ya miaka hiyo.

Mtafiti mmoja kutoka Marekani, Susan Geiger, alifika kwake katika miaka ya 1980 akakaa naye akayaandika aliyoyasema, pamoja na ya wenzake wa ngoma, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Mama wa Kizungu ndiye aliyeketi kumsikiliza, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunapita mlangoni. Twalitaja hili kwa haki ya mama yule, ingawa lina uchungu wake.

Oscar Kambona alifariki London mwaka huo huo wa 1997. Bibi Titi alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg, alikopelekwa kutibiwa, akiwa na umri wa miaka 74. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ipitayo kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja ina jina lake. Ya Lady Twining hatujapata kuiona.